Miguu Yafungua Mlango, Kitabu Chajenga Nyumba

Katika vilima vya Masisi hakuna mtoto asiyejua kukimbia. Hukimbia akipeleka ng'ombe malishoni, hukimbia asije akachelewa shule, na jioni hukimbia tena nyuma ya mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba. Wazee wa Bihambwe, kwenye njia ipandayo kutoka Sake kwenda Masisi, huyaona hayo kila siku wala hawayastaajabii. Lakini iko nchi ambako wepesi wa miguu na urefu wa kimo huhesabiwa kuwa mali. Huko chuo kikuu chaweza kumlipia kijana ada, chakula, malazi na vitabu kwa muda wa miaka minne, kwa kuwa ajua kukimbia au kutia mpira kikapuni. Nchi hiyo ni Marekani.

Habari hizo zimefika hata kwetu. Vijana huzisoma katika simu zao, huonyeshana picha, na wengine huja nyumbani kuwaambia wazazi, «Baba, nataka kwenda kucheza Marekani.» Baba hucheka, mama huogopa, na mjomba huuliza ni ng'ombe wangapi watakaouzwa. Yafaa basi tueleze jambo hili kwa utulivu: jinsi michezo kati ya vyuo vikuu ilivyoanza na kukua, jinsi watoto wa Afrika walivyoingia humo, na yaliyowapata baada ya mbio kwisha. Kwa maana mbio huisha, na hapo ndipo penye shabaha ya maneno yetu.

MWANZO WAKE: MASHUA ZIWANI

Mnamo Agosti 1852 wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani, Harvard na Yale, walikutana katika ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, wakashindana kupiga makasia. Harvard walishinda. Hayo yanahesabiwa kuwa mashindano ya kwanza kati ya vyuo katika nchi ile. Msomaji na aangalie neno moja: gharama za safari zililipwa na kampuni ya reli, iliyotaka watu wapande gari moshi lake kwenda kutazama. Tangu siku ya kwanza, basi, elimu, mchezo na biashara vilikaa katika mashua moja.

Baadaye vyuo vikaongeza michezo mingine: mbio, mpira wa besiboli, na ule mpira wa Kimarekani ambao wachezaji hugongana kwa mabega na vichwa. Mchezo huo ulikuwa mkali kupita kiasi. Katika mwaka 1905 peke yake vijana wasiopungua 18 walikufa kwa sababu yake. Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa michezo wa vyuo vikubwa, akawataka waurekebishe. Mwaka uliofuata, 1906, vyuo 62 vilijiunga katika chama cha kutunga kanuni na kulinda usalama wa wanafunzi. Tangu 1910 chama hicho kinaitwa NCAA, na siku hizi kina vyuo vipatavyo 1,100 na wanamichezo zaidi ya 500,000.

Mambo mawili yaliyafungua zaidi malango yake. La kwanza, mwaka 1956 chama kiliruhusu vyuo kumlipia mwanafunzi gharama za masomo kwa ajili ya uhodari wake katika mchezo, hata kama si maskini wala si wa kwanza darasani. La pili, tarehe 23 Juni 1972 Marekani ilipata sheria iliyokataza kuwabagua wanawake katika shule zipatazo fedha za serikali. Kabla ya hapo msichana mwenye mbio alipewa pongezi tu. Baada ya hapo vyuo vikalazimika kumpa na yeye timu, mwalimu na msaada wa masomo.

WATOTO WA AFRIKA WAINGIA

Wakati huohuo majirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuushangaza ulimwengu kwa mbio. Walimu wa michezo wa Marekani wakaanza kuwatafuta. Katika Michezo ya Olimpiki ya München, mwaka 1972, Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti, watu wanne kwa mita 400 kila mmoja. Wawili kati ya wanne hao, Robert Ouko na Julius Sang, walikuwa wanafunzi wa chuo cha North Carolina Central katika mji wa Durham, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Mwalimu wao, Leroy Walker, alikuwa mtu mweusi na msomi.

Tanzania nayo ilimtoa Suleiman Nyambui, kijana wa upande wa Musoma. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, akakiletea ushindi mwingi, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Alipomaliza mbio zake alirudi kuufaa mchezo nyumbani, hata akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania.

Mkenya mwingine, Mike Boit, alipata medali ya shaba ya mita 800 mjini München mwaka 1972. Alikwenda kusoma Marekani katika chuo cha Eastern New Mexico, na hakuridhika na shahada ya kwanza. Aliendelea mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon. Akarudi Kenya, akafundisha elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta akiwa profesa, na kwa miaka kadhaa alikuwa kamishna wa michezo wa nchi yake. Medali ya Boit ilikuwa ya shaba. Bali kazi aliyoifanya baadaye imewafaa wanafunzi wengi ambao hawakumwona akikimbia hata siku moja.

BRUDA MWALIMU WA JIOGRAFIA

Wasomaji wa Masisi huenda wakauliza, «Hao walianzia wapi? Je, walizaliwa katika miji mikubwa?» Hasha. Wengi wao walitoka katika vilima vilivyo kama hivi vyetu.

Iten ni mji mdogo wa Kenya ulioko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari. Hapo ipo shule ya sekondari ya wavulana, St. Patrick's, iliyokuwa chini ya Mabruda wa Mtakatifu Patriki kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Alikuta vijana wenye bidii na njia za udongo, akawatazama, akawasikiliza, akajifunza kutoka kwao. Katika miaka iliyofuata shule hiyo ilitoa mabingwa ambao wachache tu katika ulimwengu wameweza kulingana nao.

Mmoja wao ni Peter Rono. Kutoka Iten alikwenda Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika kijiji cha Emmitsburg, jimbo la Maryland, kilichoanzishwa mwaka 1808. Mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi huko na umri wake miaka 21, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Katika michezo hiyohiyo Mkenya mwenzake Paul Ereng, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, alishinda mita 800. Hivyo medali mbili za dhahabu zilivaliwa na wanafunzi wawili wa Kiafrika waliokuwa na madaftari yao yakiwangoja chuoni.

Wala wasichana hawakubaki nyuma. Sally Kipyego, binti wa Kenya, alikwenda Texas Tech, akashinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 9. Katika miaka hiyo ya mbio alisomea uuguzi akahitimu. Mwaka 2012, mjini London, alipata medali ya fedha ya mita 10,000. Mama anayefikiri kwamba mbio humharibu binti na amfikirie muuguzi huyu.

YULE ALIYEPITA WOTE

Imetupasa pia kusimulia habari ya huzuni, maana gazeti linaloonyesha jua tu huwaacha wasomaji wake wanyeshewe.

Henry Rono alizaliwa mwaka 1952 katika nchi ya Wanandi, Kenya. Ana jina moja na yule Peter, ila ni mtu mwingine. Mwaka 1976 aliingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kilichoko Pullman. Mwaka 1978 alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kwa muda wa siku 81 alivunja rekodi nne za dunia. Mwezi wa Aprili alivunja ya mita 5,000; Mei, ile ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji; Juni, mjini Vienna, ya mita 10,000; na mwisho wa mwezi huohuo, mjini Oslo, ya mita 3,000.

Olimpiki hakuwahi kukimbia. Mwaka 1976 na tena 1980 serikali ya Kenya iligoma pamoja na mataifa mengine, naye akabaki nje. Sifa zilikuja, fedha zikaja, na pombe ikaja pamoja nazo. Fedha zikapotea. Bingwa huyo wa ulimwengu alilala katika nyumba za kuwahifadhi watu wasio na makao, akaosha magari, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege. Watu waliompa mizigo hawakujua mikono ile ni ya nani.

Hatumtaji ili tumlaumu. Aliinuka tena, akaacha pombe, akafundisha watoto wenye shida ya kujifunza mjini Albuquerque, na mwaka 2007 akayaandika mwenyewe maisha yake kitabuni bila kuficha. Alirudi Kenya, akafariki tarehe 15 Februari 2024. Lakini maisha yake yatuuliza sisi wazazi swali moja: Je, mtoto akiwa mbali, naye anashangiliwa na watu elfu, nani atakayemwuliza amelala wapi, amekula nini, na kesho atafanya nini? Umati humpenda mkimbiaji hadi kwenye utepe. Baada ya utepe humtafuta mwingine.

MPIRA USIO NA UPEPO

Yupo mtu aliyelijibu swali hilo vizuri, naye alikuwa mwana wa Kongo yetu.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda Washington kwa msaada wa masomo, akaingia Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1789. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Lakini kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimita 18, na kimo hicho hakikuweza kufichika. John Thompson, mwalimu wa mpira wa kikapu wa chuo hicho, akamwita katika timu.

Thompson alikuwa mwalimu mkali, na mwaka 1984 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu mpaka ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA katika mchezo huo. Juu ya meza yake aliweka mpira uliotolewa upepo wote, umenywea kama kibuyu kilichopasuka. Kila mchezaji aliyeingia ofisini aliuona, akaelewa: siku moja upepo utaisha katika mpira wako nawe, na hapo utabaki na nini mkononi? Kati ya wachezaji wake waliokaa chuoni miaka yote minne, 97 katika kila 100 walipata shahada zao.

Mutombo aliacha njia ya udaktari, ila masomo hakuyaacha. Mwaka 1991 alihitimu katika elimu ya lugha na mambo ya ubalozi. Kisha akacheza miaka 18 katika ligi kuu ya Marekani, akapata mali na heshima. Mwaka 1997 mama yake mzazi, Biamba Marie, aliugua Kinshasa wakati wa machafuko, njia zikiwa zimefungwa, asiweze kufikishwa hospitalini. Akafa. Mwana yule hakumjengea mama yake kaburi la fahari: alijenga hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama, akitoa mwenyewe dola milioni 15 hivi, nayo ilifunguliwa mwaka 2007. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, umri wake miaka 58. Hospitali yake ingali ikipokea wagonjwa wa Kinshasa. Kijana aliyetaka kuwa mganga hakuwa mganga, hata hivyo wagonjwa wametibiwa kwa mkono wake.

FEDHA MPYA, HATARI MPYA

Siku hizi michezo ya vyuo imekuwa bahari pana. Tangu Julai 2021 mwanafunzi wa Marekani aruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutumia jina na sura yake katika matangazo. Mwezi wa Juni 2025 mahakama ilikubali mapatano yaliyoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza chuo kimoja kiliweza kugawa hata dola milioni 20 na nusu. Sehemu kubwa ya fedha hizo huwaendea wachezaji wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Wakimbiaji hupata kidogo au hawapati kitu, na idadi ya watu katika timu imewekewa mpaka. Tena mwanafunzi mgeni hukaa kwa viza ya masomo, ambayo huzuia kazi nyingi za malipo. Kwa hiyo mtoto wetu asidhani kwamba fedha zinazotajwa katika simu zinamngoja yeye.

Na mahali penye asali ndipo pajapo nzi. Wapo watu wanaozunguka na picha za viwanja, wakiahidi nafasi kwa yeyote atakayetoa fedha. Wazazi, shikeni kanuni hizi chache.

Kwanza, mwalimu wa kweli wa chuo hamwombi mzazi fedha ili ampe mtoto nafasi. Zipo ada za kupimiwa vyeti, za mtihani wa Kiingereza na za viza, lakini hulipwa kwa ofisi yenyewe na kwa risiti. Pili, ahadi ya chuo huja kwa maandishi, ikionyesha kinacholipiwa na kwa muda gani. Mara nyingi msaada hutolewa kwa mwaka mmoja, kisha hufikiriwa upya. Mguu ukiumia, yafaa kujua mapema nini kitafuata. Tatu, chama cha vyuo hupima maksi za sekondari kabla ya kupima miguu. Kijana aliyeacha shule afanye mazoezi mchana kutwa amejifungia mlango ule anaoutaka.

KAZI YA KUFANYA HAPA KWETU

Twajua hali ya wasomaji wetu. Tangu vita viliporudi mwishoni mwa 2021, jamaa nyingi za Masisi zimekimbia mara moja, mara mbili, hata mara tatu. Mwezi wa Aprili 2024 mapigano yalifika Rubaya, jirani kabisa na Bihambwe. Kumwambia mtoto wa kambini habari za Olimpiki kwaweza kuonekana kama mzaha. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto aliyepoteza nyumba angali ana miguu na akili, na hivyo viwili ndivyo tunavyoweza kumsaidia avitunze.

Vyeti vya shule vifungwe vizuri kwenye mfuko usioingia maji, vipigwe picha, na nakala ziwekwe kwa ndugu wa mji mwingine. Karatasi moja iliyopotea njiani imewafungia wengi njia ya masomo. Walimu nao waweza kupanga mashindano ya mbio kati ya shule na shule. Hayahitaji uwanja wala viatu vya bei, na vilima tunavyo, vingi vikipita mita 2,000. Wasichana wakimbie pamoja na wavulana, na kuteka maji kusiwe sababu ya kuwazuia kila jioni.

Tena macho yasitazame ng'ambo tu. Hapa kwetu mashariki ya Kongo kuna vyuo vikuu: cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo na cha Kikatoliki cha Bukavu, vyote viwili vya mwaka 1989, na vingine vya Goma. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu vya Afrika lilianzishwa mwaka 1971, na michezo yake ya kwanza ilifanyika Accra mwaka 1975. Harvard na Yale walianza kwa mashua ziwani. Kivu nayo ina ziwa, ina vyuo, na ina vijana. Siku ambayo njia zitakuwa salama, vyuo vyetu vitaweza kutembeleana kwa mpira na kwa mbio, na mtoto wa Bihambwe apate pa kuonyesha nguvu zake bila kuvuka bahari.

Nawe kijana usomaye maneno haya, kimbia. Mungu hakukupa miguu uifiche. Lakini ukirudi mazoezini, kabla giza halijaingia, fungua daftari. Atakayekuchagua kwa mbio zako atakutazama dakika chache tu. Elimu utaishi nayo miaka yote itakayobaki. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame: basi inama juu ya kitabu kwanza.